Niliona kanisa moja mara tatu kwenye treni ya Zurich kwenda Bellinzona, na bibi yangu anayenyimwa kushika watoto wa watu alikuwa ameshanisimulia

"Kama hakumpeleka kwa majini, mtoto alikwenda wapi?"

Niliulizwa swali hilo na mama mkwe wa mdogo wangu, uani kwao Msata, mbele ya masufuria ya pilau. Nimesoma uhandisi wa maji mpaka chuo kikuu. Hilo hawakutufundisha.

Wakuu, salamu zenu popote mlipo. Wengi mnanijua humu kama yule dada anayeharibu nyuzi za majini kwa kuuliza "ushahidi uko wapi?" Leo nimekaa upande wa pili wa meza. Nitaeleza nilichokiona kama nilivyokiona, na pale ambapo sina uhakika nitasema sina uhakika. Atakayetaka kunicheka anicheke akishamaliza kusoma.

Nianze mbali kidogo, maana bila huko nyuma safari ya treni haina maana.

Kwetu ni Bagamoyo, Mji Mkongwe. Bibi yangu, mama yake mama, ana miaka themanini na kitu. Bibi yake yeye aliitwa Bi Mize.

Miaka ya 1880, kabla Wajerumani hawajauteka mwambao wetu, Bi Mize alikuwa binti wa miaka kumi na sita hivi, akilelewa katika nyumba ya Waarabu wa Oman waliokuwa wakiuza pembe na kopra. Nimewahi kumuuliza Bibi kama "akilelewa" maana yake ni "akimilikiwa". Bibi akaniambia nikaangalie jikoni kama maji yamechemka. Nikachukulia kwamba nimejibiwa.

Jirani yao alikuwa mfanyabiashara wa Kizungu mwenye mke na mtoto mchanga wa kike. Mke akaugua homa, ikaamuliwa arudishwe kwao Ulaya. Bi Mize akatolewa aende nao kumbeba mtoto.

Alirudi Bagamoyo baada ya mwaka na zaidi. Mtoto hakurudi.

Kila alipoulizwa, alisema maneno yale yale. Hakuongeza, hakupunguza, mpaka anaingia kaburini. Wakati huo Bibi alikuwa na miaka kumi, kwa hiyo aliyasikia kwa masikio yake mwenyewe na akayahifadhi kama sisi tulivyohifadhi juzuu amma ya Kurani chuoni. Ni haya:

"Mlima ulitumeza na moto wetu na moshi wetu. Ulipotutema nikaona nyumba nyeupe yenye kidole. Mara ya kwanza nilitazama paa lake, mtoto analia. Jua likahama dirisha. Mara ya pili nilitazama mlango wake, mtoto kanyamaza. Jua likahama tena. Mara ya tatu nyumba ilikuwa juu yangu, na mtoto si mtoto."

Basi. Hapo alikuwa ananyamaza.

Sasa hebu mjiweke kwenye nafasi ya watu wa Bagamoyo ya wakati ule. Binti katoka na mtoto wa watu, karudi mikono mitupu, anasema mlima ulimmeza, nyumba moja ikamfuata mara tatu, jua likaruka kutoka dirisha hili kwenda lile. Walimpigia ngoma ya pepo siku saba. Siku ya nane akawaambia maneno yale yale.

Wakahitimisha kwamba alimtoa mtoto kwa majini ili yamrudishe yeye nyumbani.

Tangu hapo sisi ni "wale wa Mlimani". Hakuna atakayekutamkia usoni. Lakini wanawake wa nyumba yetu hawapewi watoto wachanga wa watu washike. Utaambiwa mtoto kalala. Mtoto ana mafua. Mtoto ndiyo kwanza katoka kunyonya. Watoto wa nyumbani tunashika wenyewe, ila wa nje, hata wa binti yetu aliyeolewa, ni kwa ruhusa ya wenye mtoto. Na ruhusa haiji.

Mimi nilikuwa na nadharia yangu: malaria. Bi Mize aliugua njiani, homa ikampanda kichwani, akaona mauzauza. Niliipenda sana nadharia hiyo. Sikuwahi kuikagua hata siku moja.

Sasa twende Msata.

Mdogo wangu Rukia aliolewa huko na mwaka juzi akajifungua mtoto wa kiume. Siku ya arobaini tulikwenda wote, na Bibi tukamkalisha kiti cha mbele kwenye gari. Alikuwa amevaa khanga mpya, ile inayonukia duka bado.

Ukafika wakati wa mtoto kupitishwa mkono kwa mkono kwa wazee wa kike, kila mmoja anamsomea dua na kumpulizia utosini. Bibi alikuwa wa nne. Wa tatu alipomaliza, Bibi akanyoosha mikono.

Mama mkwe wa Rukia, tunamwita Mama Shomari, akaingia katikati kama mtu anayepita tu. Akamchukua mtoto. "Huyu ana mafua kidogo, mama, asije akakuambukiza."

Akampa wa tano.

Mikono ya Bibi ilibaki hewani kidogo. Kisha akaishusha na kuifunika kwa khanga, mmoja juu ya mwingine, akaendelea kutabasamu na watu. Hakula pilau.

Nilimfuata Mama Shomari uani. Kwa adabu, lakini nilimfuata.

"Mama, mtoto hana mafua."

"Najua hana."

"Sasa?"

"Sasa nini? Wewe mwenyewe ungempa?"

"Mama, hayo ni mambo ya miaka mia na zaidi. Hakuna majini waliokula mtoto."

Akaweka upawa chini, akanitazama vizuri. Si mwanamke mbaya, nataka mjue hilo. "Haya, msomi. Kama hakumpeleka kwa majini, mtoto alikwenda wapi? Niambie wewe, mimi nitampakatisha bibi yako huyu mtoto sasa hivi mbele ya watu wote."

Nikaenda kumchukua Bibi.

Tukarudi Bagamoyo. Bibi njiani aliongea habari za bei ya nazi.

Miezi mitano baadaye kazini wakanipeleka kozi ya wiki tatu, Zurich, Uswisi. Rafiki yangu wa shule, Neema, kaolewa Bellinzona, mji wa upande wa kusini wa nchi hiyo hiyo, kule wanakoongea Kiitaliano. Jumamosi nikaamua kumtembelea.

Hapo nilifanya kosa. Kuna treni ya haraka inayopita chini kabisa ya milima, kwenye handaki jipya. Na kuna ya polepole inayopanda kwa njia ya zamani. Mimi nikaona imeandikwa jina la mji ninaokwenda, nikapanda. Treni imeshaondoka ndipo Neema ananiandikia: "We! Umepanda ya kuzunguka. Mchele naurudisha kwenye gunia."

Nikasema haina shida, nitaona nchi.

Behewa lilikuwa nusu tupu. Kiti cha upande wa pili wa njia alikaa mama kijana wa Kizungu na mtoto mchanga mwenye kofia ya njano. Mtoto analia, kilio kile cha kuchoka. Mama anamtikisa, ananitazama kwa kuomba radhi. Nikatabasamu.

Ilikuwa kama saa sita mchana. Simu yangu ina programu ya kibla, mama aliniwekea mwenyewe uwanja wa ndege. Sitawadanganya kwamba nilikuwa najiandaa kuswali. Nilikuwa naichezea tu, naangalia mshale unavyoyumba treni ikikata kona.

Ziwa likapita. Milima ikasogea, ikabana, mpaka mbingu ikawa kipande tu. Treni ikaanza kupanda.

Kisha juu kabisa, kwenye kilima, nikaona kanisa jeupe lenye mnara mmoja mwembamba. Nikalipiga picha. Sikuwaza chochote. Uswisi yote ina makanisa meupe.

Tukaingia kwenye handaki. Dirisha likawa kioo cheusi na sura yangu ndani yake. Mwili wangu ulikuwa unaniambia tunakwenda mbele, moja kwa moja.

Mshale wa kibla ukaanza kugeuka.

Taratibu. Haukuruka kama unavyoruka ukikutana na chuma. Uligeuka kama mshale wa saa, ukapita nyuma yangu, ukaendelea. Nikasema ni sumaku ya mitambo ya treni. Ni maelezo mazuri, bado nayaheshimu.

Tukatoka nje. Jua lilikuwa kwenye dirisha la upande wa pili.

Na kanisa lilikuwa pale. Lile lile. Safari hii tulikuwa sawa nalo, ningeweza kuhesabu vitasa vya mlango. Nilifungua picha niliyopiga, nikalinganisha. Mnara ule, madirisha yale.

Hapo ndipo niligundua kwamba behewa lilikuwa kimya. Mtoto alikuwa ameacha kulia.

Wakuu, mimi sijawahi kuogopa kitu mchana. Hapo niliogopa.

Handaki jingine. Mshale ukageuka tena. Nikaiweka simu kifudifudi kwenye kiti ili nisiuone, kitendo cha kijinga kabisa kwa mtu anayedai ushahidi.

Tukatoka. Jua limerudi upande wangu. Kanisa lilikuwa chini yetu, mbali, nikawa natazama paa lake. Midomo yangu ilikuwa inatamka maneno ya Bibi. Sikuianzisha mimi.

Kuna kitu kingine, na hiki sina maelezo yake. Nilipotazama chini nilikuwa nimelikumbatia koti langu. Limekunjwa vizuri, limelazwa kwenye mkono wa kushoto, na kiganja cha kulia kimeshika kwa juu pale ambapo kingekuwa kichwa. Sikumbuki nililivua saa ngapi.

Nikageuka kumtazama yule mtoto.

Kiti kilikuwa kitupu. Kulikuwa na soksi moja tu, ndogo, sakafuni.

Treni ilikuwa haijasimama popote tangu kanisa la kwanza. Ikasimama sasa, kituo kidogo chini ya ukuta wa mlima. Nikabandika uso dirishani. Wakashuka wanaume wawili na fimbo zao za kutembelea. Hakuna mama, hakuna kofia ya njano.

Mlango ukafungwa na mlima ukatumeza.

Hili ndilo handaki kubwa la zamani, kilomita kumi na tano. Reli ile ilifunguliwa mwaka 1882, nilisoma baadaye. Wakati ule nilichojua ni giza lisilokwisha, na mimi nimeshasimama.

Nilitembea behewa hadi behewa. Watu wanasoma magazeti, wanakula maandazi yao. Nilikuwa nawatazama mapajani, mmoja mmoja. Nikijiambia: unatafuta nini wewe? Na miguu haisimami.

Behewa la tatu nikamkuta. Amekaa na mwanamke mtu mzima, nadhani mama yake. Mtoto yuko begani, uso umefichwa shingoni mwa mama, mkono mmoja mdogo unaning'inia. Hautikisiki.

Nikainama nikamuuliza kwa Kiingereza, "Anapumua?"

Sijui kwa nini niliuliza hivyo. Ningeweza kuuliza kama amelala.

Yule mama alinitazama. Tabasamu la mwanzo halikuwepo. Akamhamisha mtoto kutoka bega la upande wangu, akamweka bega la upande wa ukuta, na kiganja chake akakifunika kichwa chote cha mtoto.

Mtoto akageuza uso, akafyonza hewa mara mbili, akaendelea kulala.

Nikaomba radhi nikarudi kwenye kiti changu. Mikono nikaikalia. Hakuna aliyeniambia niikalie.

Tulipotoka upande wa pili kulikuwa na jua na majina ya vituo yamebadilika kuwa ya Kiitaliano. Bellinzona Neema alinipokea kwa maneno, "Umekuwa na rangi ya jivu, walikuwa wanakulisha nini humo?" Sikumjibu mpaka nimempigia Bibi.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba. Umefika kwa rafiki yako? Umekula?"

"Bibi, nimeiona nyumba yenye kidole."

Nilisikia redio yake nyuma.

"Mara ngapi?"

"Tatu. Na jua lilihama. Ni kanisa, Bibi. Reli inazunguka ndani ya mlima kama ngazi ili ipande, ndiyo maana unaliona tena na tena. Lakini kuna kitu hakilingani. Mimi nililiona juu kwanza, paa nililiona mwisho. Yeye anasema paa lilikuwa kwanza. Na mlima mkubwa mimi umenimeza baadaye, yeye alianzia huko."

Mimi ndiye mhandisi, wakuu. Bibi hajavuka Dar es Salaam.

"Wewe ulikuwa unapanda," akasema. "Yeye alikuwa anashuka. Walitokea baharini, wanakwenda kwao."

Meli, Italia, treni ya kaskazini. Ilikuwa wazi hivyo, na iliwezekana kujulikana kwa miaka mia na zaidi.

Kisha akasema, polepole, "Kwa hiyo hakuwa mwongo."

"Hakuwa mwongo, Bibi."

"Mimi nilimwamini," akasema. "Ila nilikuwa namwamini kama mtoto."

Niliporudi Zurich nilipanda tena ile ya polepole, makusudi, nikarekodi video kuanzia handaki kubwa. Paa. Mlango. Juu. Kama alivyosema. Nikamtumia Rukia amwonyeshe mama mkwe wake.

Jibu likaja kwa sauti ya Mama Shomari mwenyewe: "Haya mwanangu, kanisa tumeliona, Mashaallah, na jua tumeliona. Mtoto bado hatujamwona."

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikakubali kwamba ana haki. Nilikuwa nimethibitisha mlima. Swali lake halikuwa mlima.

Nilichojifunza ni hiki. Wao waliamini majini bila kukagua, mimi niliamini malaria bila kukagua. Tofauti yetu ni cheti tu. Sote tulikuwa tumeshaamua kwamba yule binti hakuwa na akili zake, hivyo hakuna aliyekaa akasikiliza anasema nini. Alikuwa anatoa ushahidi, kwa usahihi, mbele ya watu wenye ngoma.

Nanyi je? Kuna maneno nyumbani kwenu ambayo mzee anayarudia na mmeyaweka kwenye fungu la hadithi? Na kama yupo humu anayejua namna ya kumtafuta mtoto aliyepotea kwenye treni ya zamani hizo, asinionee haya, aandike. Matusi pia nasoma.

——

NYONGEZA, baada ya miezi kumi na moja

Wakuu, nimeona uzi umefufuliwa, basi niweke na hili.

Kuna mdau aliniandikia humu: "Dada, acha majini, acha video. Waandikie wa pale, kijiji kimoja kimoja kando ya reli. Wale hawatupi karatasi." Nilimcheka kidogo, nikaandika barua kumi na moja. Kumi zilijibiwa kwa upole kwamba hakuna kitu. Ya kumi na moja ilichukua miezi saba.

Niliitafsiri, nikaituma Msata siku ya Jumatano. Hakuna aliyenijibu.

Ijumaa baada ya swala Mama Shomari akabisha hodi Bagamoyo, ametoka kwenye basi, vumbi mpaka nyusi, na mtoto mgongoni. Mtoto sasa ni mzito, anatembea, mdomo umejaa meno.

"Shikamoo mama," akamwambia Bibi.

"Marahaba mwanangu. Karibu ndani, pumzika."

"Nitapumzika. Nishikie huyu, natia udhu." Akamfungua mtoto mgongoni, akamweka mapajani mwa Bibi, akaenda zake kwenye bomba bila kugeuka. Alikaa huko muda mrefu kuliko udhu wowote niliowahi kuuona.

Mtoto alilia. Bibi hakujua aanzie wapi. "Mwambie bibi yake mtoto ana njaa," akaniambia, huku hamwachii.

Barua ilitoka mji mdogo chini ya milima ile, upande wa kaskazini, kituo ambacho treni ya kushuka hufika baada ya kanisa kuonekana mara ya tatu. Kwenye kitabu chao cha maziko cha miaka ile kuna mtoto wa kike wa miezi saba, binti wa mfanyabiashara wa Bagamoyo, aliyefariki kwa homa ndani ya treni. Pembeni, kwa wino huo huo, mwandishi aliongeza kwamba mlezi wake, msichana Mwafrika ambaye hakuna aliyeielewa lugha yake, hakukubali mtu yeyote amchukue mtoto kutoka mikononi mwake, hivyo walimwacha naye katika chumba cha kusubiria abiria pale kituoni mpaka asubuhi.